Aliyeniletea Makaa Njia ya Kibondo

Najua utakachosema. Utasema huyu mama amechoka, au amevuta moshi wa risasi ya kuchomea waya miaka mingi mpaka kichwa kimelegea. Sema tu. Wengine wameshasema, tena mbele yangu, tena ni mashemeji zangu. Lakini mimi nilikuwepo. Mikono hii ndiyo iliyotumia ule moto, na kama ningetaka kutunga uongo ningetunga wa kunipa sifa, si huu wa kuchekwa sokoni. Niko hapa hapa Kasulu. Ukiuliza fundi redio mwanamke utaonyeshwa kibanda changu, njoo unihoji mpaka uridhike.

Kazi yangu ni redio, spika na amplifaya za magari. Mambo ya mizimu sikuwahi kuyapa nafasi. Kitu kikilia chenyewe kibandani, majirani wanaanza kukemea mapepo, mimi natafuta waya ulioachia, na sijawahi kuukosa. Mume wangu, Baba Neema, ana pikapu kuukuu ya matangazo, yenye spika za honi juu ya paa, ile inayopita mitaani kutangaza minada, chanjo, misiba na mikutano ya injili. Yeye ndiye sauti, mimi ndiye ninayeifanya sauti itoke. Tulikutana kwa sababu ya amplifaya na mpaka leo tunagombana kwa sababu ya amplifaya. Yeye anafungua sauti mpaka mwisho, mimi nafoka, yeye ananijibu kwa ile maiki yake mtaa mzima usikie, "Mke wangu, punguza hasira, wateja wako mbali!" Nampenda sana yule mwanamume, ila usimwambie, atavimba kichwa.

Sasa nikueleze habari za baba yake, maana kisa hiki ni chake. Jina lake silitaji. Siyo siri wala siyo hofu. Kwetu sisi Waha, nilikolelewa mimi, mke wa mtoto hamtaji baba mkwe kwa jina, imekwisha. Mimi namwita Mzee. Watoto wanamwita Babu. Mwanawe naye anamwita Mzee, kwani nani atasimama amwite baba yake jina kavukavu? Kijiji chote cha kwao, kule Nyakitonto, ni Mzee, Mzee, Mzee. Umri wake wa kazi aliumaliza akirina asali. Ni mtu mfupi, mwepesi wa miguu, na mizinga yake aliitundika mbali porini, njia ya kwenda Kibondo.

Mkewe alifariki kabla mimi sijaolewa. Alikuwa amekwenda kwao Kitahana, upande wa Kibondo, kumuuguza mama yake. Akaugua yeye. Masika yalikuwa yamekata barabara, gari halipiti, taarifa yenyewe ilichelewa kufika, na ndugu zake wakamzika huko huko. Mzee hakumwona akiugua, hakumwona akizikwa. Mimi sikumjua, na picha yake haipo. Nilichojua juu yake ni kwamba alipika maharage vizuri kuliko mimi, maana hilo nimeambiwa tangu wiki ya kwanza ya ndoa.

Miaka hii ya karibuni Mzee akaanza kusahau. Mwanzo alisahau alipoweka kofia. Baadaye akasahau kwamba amekula, akala tena, tukacheka. Kisha akasahau kwamba mkewe amekufa, na hapo kicheko kikaisha. Asubuhi anavaa koti, anachukua fimbo, anaaga: "Nakwenda Kitahana kumchukua mke wangu. Amekaa sana kwao." Wifi yangu, anayeishi naye, alikuwa anamfuata barabarani anamrudisha kwa maneno matamu. Nami niliposhinda huko nilimrudisha. Ungewezaje kumkasirikia? Mtu anakwenda kumfuata mkewe.

Ndipo siku moja ya masika wifi akapiga simu analia. Alikuwa ametoka alfajiri kwenda shambani kidogo tu, kurudi akakuta mlango wazi na koti halipo. Walitafuta mchana kutwa wakidhani yuko kwa jirani. Kulipokucha siku ya pili bado hayupo, na usiku ule mvua ilinyesha mpaka mabati yakatutisha. Nani asiyejua baridi ya milima yetu? Mzee wa umri ule akilala nje usiku wa pili hatarudi akiwa hai. Wote tulilijua hilo.

Tukaingia kwenye pikapu, mimi na Baba Neema, na kisanduku changu cha vifaa miguuni. Karibu na njia panda ya kuelekea kambi ya Nyarugusu tulimkuta baba mmoja Mkongomani anauza mandazi. Tukamweleza. Akapiga mikono.

"Ule muzee mufupi wa koti? Nilimuonaka jana, mama. Alikuwa anatembea bien, ata hachoki. Nikamuuliza unaenda wapi, akasema anaenda kutwaa bibi yake. Nikamupa mandazi mbili. Akaingia kule, ku pori."

Akatuonyesha kwa kidole. Baba Neema akageuza usukani kuelekea huko.

Tulikwenda polepole kando ya msitu ule, yeye anaendesha kwa mkono mmoja na kushika maiki kwa mwingine. Wanaume wa Nyakitonto walikuwa wameshaingia porini na tochi na mapanga. Na Baba Neema akatangaza jinsi anavyojua, kwa ile sauti yake ya misiba na harusi: "Mzee wetu, popote ulipo, tunakutafuta. Mzee wetu mpendwa, fuata sauti hii. Mzee wetu, tuko barabarani." Asubuhi yote, na mchana. Sauti ikaingia kwenye miti na kurudi. Hakuna aliyetoka.

Jua lilipoanza kulegea, katikati ya neno "mpendwa", spika zikanyamaza.

Nikatazama chini ya kiti, inapokaa amplifaya. Taa nyekundu.

Nikufafanulie kidogo. Amplifaya ya gari ikiona hatari inajifunga yenyewe. Taa ya kijani inazimika, nyekundu inawaka, na hapo hata uibembeleze haitoi sauti. Haijafa, imejilinda tu. Kazi ya fundi ni kujua inaogopa nini. Baba Neema alinitazama na macho mekundu kuliko ile taa, akasema, "Mama Neema, nakuomba." Basi. Kisha akaruka chini, akachukua tochi akaingia porini kuwafuata wenzake, anaita kwa koo lake mwenyewe. Nikamsikia akififia mpaka simsikii.

Nilibaki peke yangu na mashine, na manyunyu yakaanza.

Nilianza na rahisi, kama nilivyofundishwa. Fyuzi ni nzima. Betri nikaipima kwa mita, ina nguvu. Waya wa hasi nikaukwangua kutu pale ulipofungwa kwenye bodi ya gari, nikaukaza upya. Nyekundu. Nikachomoa waya wa maiki. Nyekundu. Nikachomoa na waya za spika, ikabaki yenyewe na betri yake. Nyekundu ile ile. Ukishaitenga na kila kitu na bado inaogopa, ujue ugonjwa uko ndani. Nikafungua skrubu, nikainua kifuniko, na harufu ikaniambia kabla ya mita.

Upande mmoja transista zilikuwa zimeungua kabisa. Hizo nilizikata miguu kwa plaizi, zisiendelee kuwavuta wenzao. Upande wa pili transista zilikuwa nzima, ila resista moja nene inayozipitishia umeme ilikatika. Resista kama hiyo ilikuwapo, nzima, upande uliokufa. Umenielewa? Nilitakiwa kuihamisha tu, itoke kwa marehemu iende kwa mgonjwa, na mashine ingesema kwa upande mmoja. Upande mmoja ulinitosha.

Lakini kuhamisha ni kuyeyusha risasi, na kuyeyusha kunataka joto. Chuma changu cha umeme kilikuwa kisandukuni, umeme wa kukipasha uko Kasulu. Nilikuwa na kile kingine cha zamani cha shaba, cha kupasha kwenye makaa, alichoniachia fundi aliyenifunza kazi. Makaa yako wapi porini, na mvua inanyunya? Nilijaribu, usifikiri nilikaa nalia. Nilichezesha waya za betri juu ya gazeti lenye dizeli mpaka likashika. Nikaweka vijiti. Vijiti vikatoa moshi, vikanitoa machozi, vikafa. Nikajaribu tena. Vikafa tena. Mara ya mwisho nilipiga magoti kwenye tope pembeni ya mlango napuliza, na nikasikia nafsi yangu ikisema kwa sauti, "Mungu wangu, atakufa kwa kukosa kaa moja la moto."

"Mwakeye, mwana wanje."

Nikainua kichwa. Amesimama mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa chini ya kwapa kama walivyofunga bibi zetu, miguu mitupu. Mkononi amebeba kigae cha chungu, na juu ya kigae makaa yanawaka mekundu, yamekolea.

Nikuulize wewe: kwa mara ya mwisho uliona lini mtu anabeba moto kwenye kigae? Bibi yangu alifanya hivyo. Asubuhi, kama moto wako umezimika usiku, unakwenda kwa jirani, mnasalimiana, anakuwekea makaa kwenye kigae, unarudi nayo mbio kabla hayajapoa. Siku hizi kila mtu ana kiberiti. Na "mwakeye" ni salamu yetu ya asubuhi, "mwana wanje" ni mwanangu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Lakini niamini, wakati ule havikunishtua hata kidogo. Mtu mwenye shida haulizi. Nilichoona ni makaa.

Nikainama nikamwitikia salamu yake ya asubuhi vile vile alivyoitoa.

"Nimeona moshi wako unakufa kila mara," akasema. "Nikasema nimletee huyu moto."

"Mama, Mungu akubariki. Unakaa wapi hapa?"

"Natoka kwetu Kitahana."

Nilidhani ana maana ya alikozaliwa. Nani angefikiri vingine? Akakiweka kigae chini pembeni ya mlango, kwenye manyunyu, nami nikachomeka kichwa cha shaba katikati ya makaa. Akachuchumaa karibu, akaniangalia nilivyokuwa nakwangua miguu ya resista.

"Kinaumwa nini kitu hiki?"

Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Kwamba kiliungua upande mmoja, na kabla ya kuungua chote kikajifunga.

"Kwa hiyo hakisemi kwa sababu kinaogopa kuumia zaidi?"

"Ndiyo, mama."

"Hee! Kama mwanamume aliyenuna." Akacheka, na mimi nikacheka, katikati ya mashaka yale yote. Kicheko chake kilikuwa kizuri, cha mtu aliyezoea kuwatania watu wa nyumbani kwake. Nilijisikia salama. Nasema kweli, tangu wifi apige simu, pale ndipo nilipovuta pumzi mara ya kwanza.

Shaba ikapata moto. Nikayeyusha, nikachomoa resista, nikarudisha shaba kwenye makaa, nikasubiri, nikachomea upande wa pili. Na hapo ndipo kitu cha kwanza kikanigusa. Manyunyu yalikuwa yanaangukia yale makaa, nayaona kwa macho yangu, matone yanadondoka juu ya moto. Hayakutoa "chii" hata moja. Hayakutoa mvuke. Na makaa hayakufifia. Nilisema moyoni, labda ni makaa ya mti mgumu. Fundi haachi kazi katikati.

Nikarudisha kifuniko, nikawasha. Taa ya kijani! Nikapiga kelele kwa furaha. Nikachomeka waya za spika, na papo hapo ikarudi nyekundu.

Hapo nililia. Sioni aibu. Lakini kulia hakukuzuia kichwa kufanya kazi: ikiwa peke yake inakubali na ikiunganishwa na spika inakataa, kosa liko njiani kuelekea spika, na hilo ndilo lililoiunguza tangu mwanzo. Ningetengeneza ndani mpaka asubuhi na ingeungua tena. Nikapapasa waya kutoka chini ya kiti kuelekea paani, na pale unapopita kwenye bawaba ya mlango vidole vikagusa shaba tupu. Mlango ulikuwa umeutafuna taratibu, kila tunapofungua na kufunga, na mvua ile ikamalizia. Waya ulikuwa unagusa bodi ya gari.

"Mama, nishikie hapa."

Akaushika ule waya akauweka mbali na chuma, nami nikakata ukanda wa mpira wa tyubu nikauzungushia, tabaka juu ya tabaka. Vidole vyetu viligusana. Vyake vilikuwa vya moto. Watu wanapenda kuniuliza kama vilikuwa vya baridi, kwa sababu ndivyo wanavyosimuliwa. Hapana. Vilikuwa vya moto kama vya mtu aliyetoka jikoni.

Nikawasha. Kijani, na kijani ikakaa. Spika zikavuma kidogo juu ya paa, ile sauti ya mashine iliyo hai. Nikanyakua maiki.

Na sasa niseme nini? "Mzee!" nikaita. "Mzee wetu! Mzee, uko wapi?"

Mama akanitazama kwa huruma fulani, kama unavyomtazama mtoto anayefunga kamba ya kiatu vibaya.

"Mzee gani unamwita? Hapa utawaita wazee wote wa Kasulu. Nipe nimwite mimi."

Nikampa. Kwa nini nilimpa? Sijui. Niliona tu ni haki yake. Akaishika maiki kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni, akaita. Sauti haikuwa ya mama wa makamo. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, nyembamba na kali, ile ya kuvuka bonde kutoka mlima mmoja hadi wa pili.

"Kayuki we! Kayukii! Ngwino!"

Maana yake, kanyuki kadogo wewe, njoo. Kama unavyomwita mtu wa kwako chakula kikiwa tayari. Akaita hivyo tena, na mara ya mwisho aliliita lile jina taratibu, karibu na kunong'ona, na zile spika zangu za upande mmoja zikalipeleka hata hivyo. Nywele zilinisimama. Siyo kwa hofu. Nilihisi nimesikia jambo la watu wawili ambalo halikunihusu.

Akanirudishia maiki. "Funga vizuri hicho kitu chako," akasema, "mvua isikiingilie." Nikainama chini ya kiti kukaza skrubu za kifuniko. Nilipoinuka, hayupo.

Nilizunguka gari. Barabara ni nyeupe pande zote, hakuna mtu, na tope halikuwa na nyayo ila zangu na za mume wangu. Kigae kilikuwa pale pale. Kilikuwa kimejaa maji ya mvua, na ndani ya maji kuna majani yaliyooza, na pembeni kimeota ukungu wa kijani. Kigae cha miaka. Nilikigusa kwa kidole, kilikuwa baridi. Shaba yangu, iliyokuwa imeegemea pale, bado ilikuwa na moto wa kuchoma mkono.

Sikupata nafasi ya kukimbia, maana vichaka vya upande wa kushoto vilichezacheza, na akatoka Mzee.

Amelowa mpaka mifupani, koti limejaa majani, kofia hana. Lakini anatembea haraka, na uso wake umekunjamana kwa ile hasira ya mtu aliyekatishwa kazi.

"Nimesikia, nimesikia," akasema. "Kelele zote hizo za nini? Nilikuwa naangalia mizinga."

Nilimkumbatia. Mkwe hakumbatii baba mkwe, najua, nilimkumbatia mpaka akashangaa. Nikamwingiza ndani ya gari, nikamvua koti, nikamfunga kanga yangu na shuka la kufunikia spika. Alikuwa anatetemeka.

"Mzee, tumekuita kutwa nzima. Hukutusikia?"

"Niliwasikia. Kulikuwa na mtu anatangaza kwa sauti nzuri sana, anamtafuta mzee wao. Nikasema moyoni, maskini, watu hawa wamepotelewa na mzee." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Wamempata?"

Jamani. Tulikuwa tumemwita kwa heshima zote asubuhi mpaka jioni, na yeye amekaa chini ya mti akimhurumia huyo tunayemtafuta. Yeye hakuwa mzee. Kichwani mwake alikuwa kijana mwenye mizinga na mke. Tulimwita mtu ambaye yeye hamjui.

Kisha akachungulia nje, kulia na kushoto. "Yuko wapi aliyeniita?"

Hapo hapo Baba Neema akatokea anakimbia, amechanika shati, anahema. Nilidhani ataanza na baba yake. Alikuja kwangu, akanishika mabega.

"Nani alikuwa kwenye maiki?"

"Mama mmoja. Alinisaidia moto."

"Mama gani? Nani amemwambia jina lile?" Sauti yake, ile sauti yote, ilikuwa imekauka. "Lile jina alikuwa nalo mama yangu tu. Hata sisi watoto tulikatazwa kulichezea. Tulikuwa tunalisikia jioni, akimwita atoke porini. Ile ilikuwa sauti ya mama yangu. Usinidanganye. Ile ilikuwa sauti ya mama."

Nikamwonyesha kigae. Nikamweleza. Mume wangu, mtu mzima mwenye kutangazia wilaya nzima, akakaa kwenye tope pembeni ya kile kigae akalia kama mtoto, na baba yake akamtazama kupitia dirishani akaniuliza kwa upole, "Huyu kijana amefiwa?"

Tulimleta nyumbani, tukamchemshia uji, akapona. Mimi nilirudi mahali pale kiangazi kilipofika, nikauliza kila niliyemkuta kama kuna mama anayeishi karibu. Hakuna nyumba. Hajawahi kuwapo mtu. Na ile amplifaya inafanya kazi mpaka leo kwa upande mmoja. Nina resista mpya na transista mpya, ningeweza kuikamilisha asubuhi moja. Sithubutu kuyeyusha yale maungio.

Wiki chache baadaye Baba Neema alijaza mafuta, tukampandisha Mzee mbele, tukampeleka Kitahana. Alikuwa anataka kwenda, si ndiyo? Miaka yote ile tulimzuia. Shemeji zake wakatuonyesha kaburi. Mzee alikaa pembeni yake mchana wote, akizungumza kwa Kiha, chini chini, na nilichookota ni kwamba alikuwa anamgombeza kwa kukaa sana. Mimi nilisalimia. Nilisema "mwakeye" ingawa ilikuwa alasiri, nikamshukuru kwa moto. Tuliporudi, Mzee hakuwahi tena kuvaa koti kwenda kumchukua. Anakaa nasi hapa Kasulu sasa. Anasahau kila kitu, jina la mjukuu, siku, mlango wa choo. Akipotelea hata uani, ukiita Mzee haitiki. Inabidi umwite Kayuki.

Na anayeshinda naye nyumbani ni mimi. Kwa hiyo mimi mkamwana wake, kila siku ya Mungu, nasimama mlangoni naita jina alilopewa na mkewe. Wazee wa kwetu wakipita wanaziba masikio. Mwanzo nilikuwa naona haya mpaka jasho linanitoka. Siku hizi naita, naye anakuja akitabasamu, na haya yangu nimeyaweka kando.

Basi nikuonye, na unisikie vizuri. Ukiwa na shida njiani, na mtu asiyekuwepo akakuletea moto, pokea, msalimie kama alivyokusalimia, na akiondoka usimfuate. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kama una mzee nyumbani anayeanza kusahau, usisubiri. Kaa naye leo. Muulize waliompenda walimwita nani. Maana siku atakapopotea, haya majina yetu ya heshima hayatamfikia, atakaa chini ya mti akimwonea huruma mtu mwingine, na si kila mtu atatokewa na wa kumsaidia kuita.

Mimi na Baba Neema tumeshaambiana yetu. Lake nalijua, langu analijua, ni jina la ovyo kabisa alilonipa siku za uchumba. Na kwa kuwa hatujui nani kati yetu atatangulia kusahau, tumemkalisha binti yetu Neema tukamfundisha yote mawili. Alicheka sana, kisha akaomba tuyarudie ili asije akakosea. Wewe sikwambii.